Urejeshaji wa nafasi ya hifadhidata

Urejeshaji wa nafasi ya hifadhidata ni kazi ya kuikomboa diski baada ya safuwima ya jedwali kubadilishwa aina, mathalani namba za baiti 4 kufanywa za baiti 2. Wengi hudhani nafasi hujirudisha yenyewe. Ukweli hutegemea mfumo unaotumika.

Katika SQL Server ya Microsoft, int (ya baiti 4) ikifanywa smallint (ya baiti 2) mfumo hukagua tu kwamba namba zote zinaingia katika aina mpya. Kila safumlalo huendelea kubeba baiti 4 zilezile. Nafasi hupatikana jedwali likijengwa upya kwa amri ya ALTER TABLE REBUILD, iliyokuja na toleo la 2008. DBCC CLEANTABLE haifai hapa, kwani kazi yake ni kusafisha mabaki ya safuwima zilizofutwa zenye urefu unaobadilika.

PostgreSQL kwa kawaida huliandika jedwali zima upya, pamoja na faharasa zake, kisha hulitupa faili la zamani. Nafasi hurudi mara moja, lakini wakati wa kazi diski huweza kuhitaji nafasi maradufu, na jedwali hufungwa hata kwa wasomaji. Kutoka varchar kwenda text hakuna kinachoandikwa upya, wala kinachookolewa.

Kwa kuhofia kufuli hilo, mafundi wengi huongeza safuwima mpya, huijaza kwa UPDATE, kisha huifuta ya zamani. Lakini njia hii huvimbisha jedwali. Kila safumlalo iliyosahihishwa huacha nakala yake ya awali nyuma, na safuwima iliyofutwa hufichwa tu. Amri ya VACUUM ya kawaida huachilia nafasi hiyo itumiwe na jedwali lenyewe; diski hupata tu kurasa tupu za mwishoni. Kuirudisha yote kunahitaji VACUUM FULL, nayo hufunga jedwali, au programu ya pg_repack, inayofunga kwa muda mfupi tu lakini hudai ufunguo wa msingi au faharasa ya kipekee.

Mpangilio wa safuwima nao una uzito wake. Katika PostgreSQL, bigint huanzia kwenye baiti iliyo kigawe cha 8. Int iliyo mwanzoni mwa safumlalo, ikifuatiwa na bigint, ikifanywa smallint haiokoi chochote: baiti 2 zilizoachwa hujazwa utupu.