Muziki wa 'The Lion King II': Maneno ya Kiswahili, sauti za Kizulu

MTAA wa Ziwani, mashariki mwa jiji la Nairobi, ulipata jina lake kwa kanuni ambayo mtoto anayekua akizungumza Kiswahili huijua kabla ya kuketi darasani: neno ziwa likaongezewa -ni, likawa mahali. Kanuni iyo hiyo ndiyo iliyozaa jina Vitani, la simba jike katika filamu ya vibonzo The Lion King II: Simba's Pride.

Mtoto wa Ziwani, Kariokor au Pumwani aliyeitazama filamu hiyo katika kanda ya video hakuhitaji mkalimani. Alijua tangu mwanzo kwamba Vitani amezaliwa katika vita, kwamba Nuka ananuka, na kwamba Zira, mama yao, ni mtu aliyezira na hatarudi nyuma. Mtoto wa Chicago aliyekuwa akitazama kanda hiyo hiyo alisikia sauti tu zenye ladha ya ugeni.

Jina lenye uzito zaidi ni la Kovu. Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1994, adui wa Simba aliitwa Scar, kwa Kiingereza. Katika mwendelezo wake, mrithi aliyeteuliwa na Scar anaitwa neno lilo hilo, ila kwa Kiswahili. Anayeelewa lugha huubaini urithi huo pindi jina linapotajwa, na Zira anapomkwaruza kijana huyo usoni na kumwachia alama jichoni, mtazamaji huyo haoni ajabu. Jina lilikuwa limekwisha kutabiri.

Kwa hiyo Kiswahili kimo katika filamu hii, tena si kwa urembo tu. Swali linalozuka ni kuhusu muziki wake, kwani nyimbo zinapoanza, masikio ya Afrika Mashariki hupelekwa mbali na nyumbani.

Filamu hiyo ilitolewa nchini Marekani Oktoba 27, 1998, moja kwa moja katika kanda za video bila kupitia kumbi za sinema. Iliongozwa na Darrell Rooney, na sehemu kubwa ya uchoraji ilifanywa katika studio ya Disney iliyokuwa Sydney, Australia. Bajeti yake haikukaribia ile ya filamu ya kwanza. Elton John na Tim Rice, waliotunga nyimbo za mwaka 1994, hawakurejea. Hans Zimmer, aliyepata tuzo ya Oscar kwa muziki wa ala wa filamu hiyo ya kwanza, naye hakurejea kuongoza kazi.

Badala yake, muziki wa ala unaoandamana na picha ulikabidhiwa Nick Glennie-Smith, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwa karibu na Zimmer na ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa mmoja wa watunzi wa muziki wa filamu The Rock. Nyimbo zenyewe ziligawanywa miongoni mwa watunzi kadhaa. Tom Snow na Jack Feldman walitunga "Not One of Us" na "Love Will Find a Way". Pamoja na Marty Panzer wakatunga "We Are One". Kevin Quinn na Randy Petersen walitunga "Upendi". "My Lullaby" ni kazi ya Scott Warrender na Joss Whedon, yule ambaye baadaye alipata umaarufu kama mwelekezi wa filamu za mashujaa.

Wimbo unaofungua filamu, "He Lives in You", una asili nyingine. Ulitungwa na Mark Mancina, Jay Rifkin na Lebo M kwa ajili ya albamu ya Rhythm of the Pride Lands ya mwaka 1995, iliyokusanya nyimbo zilizochochewa na filamu ya kwanza. Ukaingia katika mchezo wa jukwaani uliozinduliwa Broadway, New York, mwaka 1997, kisha ndio ukafika katika filamu. Ni wimbo uliotangulia hadithi unayoisimulia, na pengine ndiyo sababu umeishi kuliko nyingine zote zilizomo.

Lebo M ndiye kiungo kikuu cha muziki wote wa hadithi hii. Alizaliwa Soweto mwaka 1964, akaingia uhamishoni wakati wa ubaguzi wa rangi, akafika Marekani. Alikutana na Zimmer katika kazi ya filamu The Power of One ya mwaka 1992. Mwito wa Kizulu unaofungua filamu ya 1994, ambao hata wasiojua neno moja la Kizulu huuiga, ni sauti yake. Aliposhika usukani wa kwaya, aliipanga kwa namna aliyoijua: sauti nzito za wanaume chini, mwito na kiitikio, na Kizulu pale ambapo Kiingereza kiliachwa.

Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Mtu huimba kwa lugha iliyomlea. Lakini matokeo yake ni kwamba simba wenye majina ya Kiswahili, wanaoishi katika mbuga zilizochorwa kwa mfano wa Afrika Mashariki, huitikiwa na kwaya ya kusini mwa bara. Wachoraji na waandishi wa filamu ya kwanza walisafiri hadi Kenya wakati wa matayarisho na kuipitia mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Walirudi na miamba, rangi za nyasi na maneno. Nyuzi za gitaa la benga hazikuwamo katika mizigo yao, wala taarabu ya Mombasa, ingawa River Road, kitovu cha kurekodia muziki jijini Nairobi kwa miongo mingi, ni mwendo mfupi kutoka Ziwani.

Hali hiyo inadhihirika zaidi katika "Upendi". Huu ni wimbo wa Rafiki, nyani mzee, anapowachukua Kovu na Kiara katika safari ya mashua hadi mahali ambapo mioyo hukutana. Sauti ni ya Robert Guillaume, mwigizaji aliyempa Rafiki ule ukichaa wenye hekima. Mdundo unakaribia zaidi visiwa vya Karibi kuliko Lamu au Pemba. Wahusika wenyewe hueleza kwamba Upendi maana yake ni mapenzi.

Sivyo. Kiswahili kina upendo, kina mapenzi, kina penzi. Kitenzi penda kinapounda nomino ya mtendaji, sauti d hugeuka z: penda huzaa mpenzi, kama linda inavyozaa mlinzi. Ni kweli kwamba kanuni hiyo ina ukaidi wake, kwani shinda huzaa mshindi na ushindi, na labda watunzi waliifuata njia hiyo. Ila masikio ya Eastlands hayasikii nomino hapo. Yanasikia hupendi iliyoangushwa h, yaani kukanusha kabisa: wewe hupendi. Wapenzi wawili wanasafirishwa kwa mashua ya maua kwenda nchi ambayo jina lake linakaribia kuwaambia kwamba hawapendani.

Kosa la irabu moja laweza kuonekana dogo. Lakini filamu hii ilitazamwa na mamilioni ya watoto duniani, na kwa wengi wao hilo lilikuwa somo la kwanza la Kiswahili. Kumwuliza mzungumzaji yeyote wa lugha hii kungetosha kulisahihisha kabla ya wimbo kurekodiwa.

"My Lullaby" ndio wimbo uliosukwa kwa ustadi zaidi katika filamu nzima. Wimbo wa kumbembelezea mtoto, katika jamii nyingi, humlaza kwa ahadi: mama atarudi, baba ataleta kitu. Zira, kwa sauti ya Suzanne Pleshette, anamlaza Kovu kwa ahadi ya kisasi. Anaanza kwa upole, kisha ngoma zinaingia, na Nuka na Vitani wanajiunga, hadi wimbo wa kulaza unageuka kuwa gwaride. Unamwonyesha mama anayempenda mwanawe na kumharibu kwa wakati mmoja, na hausimami kuueleza ukweli huo.

Jambo jingine ambalo mtazamaji wa kawaida hulikosa ni kwamba wahusika kadhaa wana koo mbili. Simba huzungumza kwa sauti ya Matthew Broderick lakini huimba kwa sauti ya Cam Clarke. Kiara anapokomaa huzungumza kwa sauti ya Neve Campbell na kuimba kwa ya Liz Callaway. Kovu huzungumza kwa sauti ya Jason Marsden na kuimba kwa ya Gene Miller. Ni desturi ya kale katika filamu za aina hii, na ikifanywa vyema haitambuliki. Katika "Love Will Find a Way" mshono hauonekani. Katika "We Are One", Simba anapoanza kumwimbia binti yake, anayesikiliza kwa makini atausikia.

Kisha kuna "Not One of Us". Simba amemhukumu Kovu kwa shambulio ambalo hakulipanga, na wanyama wote wa mbuga wanamfukuza kwa kuimba. Kwaya ndiyo inayotoa hukumu. Sauti zile zile zilizotumika kuusifu umoja mwanzoni mwa filamu sasa zinamkana mmoja kwa sababu ya ukoo wake. Kovu anapita katikati, akitazama alivyo katika maji na kumwona Scar. Mkazi wa Eastlands aliyeishi Nairobi katika miezi ya kwanza ya mwaka 2008, wakati jina la ukoo lilipotosha kumfanya mtu ahame nyumba, hahitaji kufafanuliwa wimbo huo unahusu nini.

Muziki wa Glennie-Smith hufanya kazi kati ya nyimbo hizi, na mara nyingi hupuuzwa. Katika tukio la moto, jamaa za Zira wanapoziwasha nyasi ili Kovu apate nafasi ya kumwokoa Kiara, hakuna anayeimba. Okestra na ngoma ndizo zinazobeba hatari yote. Anayetaka kuusikia vyema hana budi kurejea filamu yenyewe. Albamu ya Return to Pride Rock, iliyotolewa na Walt Disney Records mwaka huo wa 1998, ilibeba nyimbo, si muziki wa ala.

Albamu hiyo ina mvuto wake. Tina Turner anaiimba "He Lives in You" kwa namna yake, na Heather Headley, aliyekuwa Nala wa kwanza wa Broadway, anashirikiana na Kenny Lattimore katika "Love Will Find a Way". Angélique Kidjo wa Benin anaiimba "We Are One". Kwa hiyo Afrika Magharibi ilipata kiti, na Afrika Kusini ilikuwa na meza nzima.

Suala la nani anafaidika na sauti za Afrika limeifuata hadithi hii ya simba kwa muda mrefu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, wimbo ambao ulizaa ule unaosikika katika filamu ya 1994. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walifikisha kesi mahakamani mwaka 2004, na suluhu ikafikiwa mwaka 2006.

Upande wa Kiswahili mzozo ulikuwa juu ya maneno. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili "hakuna matata" kama alama ya biashara kwa ajili ya mavazi nchini Marekani, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018, zaidi ya watu laki moja walitia saini ombi la kupinga usajili huo. Wengi walikumbusha kwamba kundi la Them Mushrooms, lililotoka Mombasa na kuhamia Nairobi mwaka 1987, lilikuwa limeueneza msemo huo katika "Jambo Bwana" tangu mwaka 1982, miaka 12 kabla ya Timon na Pumbaa kuuimba. Usajili wa alama ya biashara haumzuii mtu kutamka maneno, na hilo lilielezwa mara nyingi wakati huo. Hasira haikupoa.

Malalamiko kuhusu wanamuziki yalisikika tena Julai 2019, Beyoncé alipotoa albamu ya The Gift sambamba na toleo jipya la filamu ya kwanza. Wimbo wake "Spirit" unaanza kwa Kiswahili. Wasanii walioalikwa walitoka Nigeria, Ghana, Cameroon na Afrika Kusini, na Wakenya wengi walihoji mitandaoni ni kwa nini eneo lenye lugha hiyo halikuwa na mwimbaji.

Filamu ya karibuni katika mfululizo huo, Mufasa: The Lion King, ilitoka Desemba 2024 chini ya uelekezi wa Barry Jenkins. Nyimbo zake zilitungwa na Lin-Manuel Miranda, na muziki wa ala na Dave Metzger. Wimbo wake wa kwanza, ambao wazazi humwimbia mtoto kuhusu nchi iliyo mbali, unaitwa "Milele". Safari hii neno ni sahihi, tena limetumika mahali pake. Waliouimba ni Anika Noni Rose na Keith David, wote wawili Wamarekani.