Mti wa Krismasi Meru na Embu: Wa Shambani au wa Plastiki?

Kila ikiingia Disemba hupata simu kutoka Meru. Anayepiga ni mama mmoja aliyekuwa mwenye nyumba wangu nilipokuwa nikifanya kazi ya uhasibu huko. Yeye ni Mmethodisti na mimi ni Mwislamu wa pwani, lakini tuliishi ua mmoja bila kukwaruzana. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akiniletea ndizi na maziwa ya kufuturia. Disemba ikifika, mimi ndiye kijana wa kutumwa kubeba mti. Hadi leo bado huniuliza: "Mswahili wangu, mwaka huu ninunue upi, wa shambani au wa plastiki?"

Kama Mwislamu aweka mti nyumbani au haweki, hilo si la ukurasa huu, masheikh wapo. Mimi nautazama mti kama mti: watoka wapi, unaishia wapi, na nani anayelipia gharama yake. Na ninavyouona mimi, jambo hili latuhusu sisi wa pwani kuliko tunavyodhani. Mti wa plastiki hushukia kwenye bandari yetu. Na mlima unaotoa mti wa kukata ndio huo huo unaotoa maji ya Mto Tana, ambayo mwisho wake ni Kipini.

Mti wa shambani ni mti gani?

Desturi yenyewe ilianza Ujerumani karne nyingi zilizopita. Ilienea Uingereza baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto wao mbele ya mti uliopambwa. Kwetu ililetwa na wamishonari na walowezi. Meru hasa, Wamethodisti walifika mwaka 1912, na kanisa lao hapa nchini lilikuwa limeanzia pwani, Ribe, tangu mwaka 1862. Kwa hivyo mila hii ya Krismasi kule mlimani, kwa njia moja ama nyingine, ilipitia kwetu.

Huko Ulaya hutumia miti ya baridi ambayo sisi hatuna. Meru na Embu hutumia msaipresi, na mara moja moja msonobari. Msaipresi si mti wa asili ya Kenya. Ulitoka Mexico na Amerika ya Kati, ukapandwa hapa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mbao. Leo utauona kwenye mashamba ya serikali kandokando ya Mlima Kenya, na pia kama ua wa kuzungushia boma, kutoka Embu hadi Runyenjes, Chogoria, Nkubu na Meru yenyewe. Mche ukipandwa pahali pazuri hufika kimo cha mtu kwa miaka miwili au mitatu.

Usiuchanganye na mtarakwa. Mtarakwa ni mti wa asili, hukua polepole sana, na hupatikana zaidi upande mkavu wa mlima, njia ya Timau. Majani yake yafanana kidogo na ya msaipresi, lakini huo si mti wa kukata kwa sababu ya mapambo ya wiki mbili.

Na wa plastiki?

Miti bandia ya mwanzo ilikuwa ya Wajerumani, iliyotengenezwa kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani. Miaka ya 1930 kampuni moja ya brashi ikatengeneza miti kwa mashine za brashi za kusugulia choo. Ya siku hizi mingi ni plastiki iitwayo PVC, imefungwa kwenye nyaya na nguzo ya chuma, na sehemu kubwa yatengenezwa China. Ikija Kenya hupakiwa kwenye kontena, ikashukia Kilindini, ikapanda gari moshi au lori hadi Nairobi, kisha ikafika madukani Embu na Meru.

Faida zake zaonekana. Haupukutishi majani, hauhitaji maji, na ukikunjwa vizuri hurudi kwenye boksi lake. Anayeishi chumba cha kupanga mjini Embu, hana shamba wala ua wa kupogoa, akiupenda simlaumu.

Lakini PVC haiozi, na kwetu ni shida kumpata mtu wa kuichukua akaitengeneze tena, kwa kuwa plastiki na chuma zimesokotana. Ikichomwa hutoa moshi wenye asidi na sumu ziitwazo dioksini. Miti ya zamani ya aina hii iliweza pia kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo ule mzee unaomwaga vumbi usiwaachie watoto wauchezee.

Hesabu yake

Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilipima hewa ya ukaa inayotokana na mti wa mita mbili. Wa plastiki ulipata takriban kilo 40. Wa kukata, ukiishia jaani ukaoza chini ya taka, ulipata kilo 16. Ukichomwa au kusagwa ukarudi shambani, kilo 3.5 tu. Hizo ni hesabu za Uingereza, lakini zatupa kipimo.

Gawanya mwenyewe. Ili mti wa plastiki ulingane na wa kukata uliotupwa jaani, utumie Krismasi tatu. Ili ulingane na ule uliomalizwa vizuri, utumie Krismasi kumi na mbili. Kwa hivyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Uliza: nguzo hii na matawi haya yatafika Krismasi ya kumi na mbili?

Hapa nikiri kosa langu. Mwaka mmoja nilitoka likizo Mombasa na mti wa plastiki wa bei ya kutupa nikampelekea yule mama zawadi. Nilijiona nimemfaa. Krismasi ya pili matawi yalikuwa yamelegea na mguu umevunjika. Januari akautia moto pamoja na taka nyuma ya jiko. Mjukuu wake, aliyekuwa na ugonjwa wa kifua, alikohoa usiku kucha, nasi tukakesha naye. Moshi ule ulikuwa wa zawadi yangu. Tangu siku hiyo kila nikiona mti wa rahisi namkumbuka mtoto yule.

Mlima, mto na sheria

Wa shambani nao una kosa lake, ukichukuliwa vibaya. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi utaona barabarani vilele vya misaipresi michanga vikiuzwa, na muuzaji ukimuuliza vimetoka wapi atacheka. Kukata mti katika msitu wa serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Kusafirisha mazao ya msitu nako kuna kibali chake kutoka Shirika la Huduma za Misitu. Na msaipresi uliokatwa kilele ukiwa mchanga hautatoa tena mbao iliyonyooka. Aliyeupanda amepoteza miaka.

Kwa nini hili litufikie sisi? Mto Kathita unaopita Meru, Thuci ulio mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi, na Rupingazi wa Embu, yote maji yake huishia Tana. Tana hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayotupa umeme, kisha huteremka Garissa na Hola hadi baharini. Mlima ukiwa na miti, mvua huingia ardhini ikatoka taratibu. Ukiwa mtupu, maji hushuka kwa pupa na udongo, yakajaza tope mabwawani. Kiangazi mto hupungua, na kule mwishoni chumvi ya bahari hupanda ikaingia mashamba ya mpunga na maembe ya ndugu zetu Wapokomo. Simaanishi kuwa mti mmoja wa Krismasi waleta mafuriko. Nasema mazoea ya kukata bila kuuliza hayajui kusimama kwenye mti mmoja.

Ukichagua wa shambani

Njia bora kuliko zote ni ya mwenye ua wa saipresi. Ua hupogolewa hata hivyo. Chagua tawi kubwa lililonyooka au kilele kilichozidi kimo, ukisimamishe kwenye ndoo ya mchanga. Hakuna mti uliokufa. Tazama tu kama una vidukari, wadudu wadogo walioingia Kenya karibu na mwaka 1990 wakaua nyua nyingi za saipresi. Tawi lenye majani ya kahawia lisitoke shamba moja kwenda jingine.

Ya pili ni kununua kwa mkulima mwenye miti yake anayepunguza iliyosongamana. Muulize shamba li wapi, na kama wausafirisha mbali, pita kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu.

Ya tatu ni mche hai kwenye mkebe au kiroba, unaouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara. Usiuweke ndani zaidi ya siku kumi, kisha uupande mvua zikiwapo. Usiupande ukingoni mwa mto wala karibu na ukuta wa nyumba, maana utakuwa jitu.

Mti uliokatwa, jaribu ubichi wake kabla ya kulipa: pinda kijiti, kikivunjika kwa mlio mkavu uache. Nyumbani kata tena kitako kiasi cha vidole viwili na uuweke majini siku hiyo hiyo, kisha ongeza maji kila siku. Uweke mbali na jiko na mshumaa, kwa sababu saipresi kavu hushika moto kama karatasi.

Sikukuu ikipita, katakata matawi yawe kuni, au yatandaze kwenye njia ya shambani. Na wafugaji wa Meru na Embu mlisikie hili: majani ya jamii ya saipresi yamejulikana kuharibu mimba za ng'ombe. Usimtupie mtamba wako mwenye mimba.

Ukichagua wa plastiki

Kama tayari unao, huo ndio mti wako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Usiutupe mzima kwa kuwa jirani ameleta mweupe unaong'aa. Kama hunao, tafuta kwanza uliotumika kwa mtu anayehama. Ukinunua mpya, shika mguu, uwe wa chuma; vuta jani, lisichomoke; na hakikisha boksi litadumu, kwa sababu mti wa plastiki huharibika stoo zaidi kuliko sebuleni. Uhifadhi pakavu, mbali na panya na jua. Ukivunjika tawi, lifunge kwa waya. Siku yake ikifika usiuchome: toa chuma umpe muuza vyuma chakavu, matawi yaliyosalia yapambie darasa la chekechea au mlango wa kanisa mwaka mwingine.

Kwa ufupi

Mwenye ua wa saipresi Meru au Embu hana haja ya kununua mti wa aina yoyote. Asiye na ua lakini ana mkulima anayemjua, anunue wa kupunguzwa. Mpangaji wa mjini achukue wa plastiki imara, akauandike tarehe ya kununuliwa chini ya mguu, aanze kuhesabu hadi kumi na mbili.

Yule mama nilimwambia hivyo hivyo. Mwaka jana alipanda ngazi mjukuu wake, yule yule aliyekohoa, sasa ni barobaro, akakata kilele cha ua wa nyumba ile niliyokaa. Aliniletea picha kwenye simu: mti kwenye ndoo ya rangi, mchanga, na maji pembeni. Januari ulikwenda jikoni ukapikia chai. Sikuwapo, lakini moshi wa chai hiyo nina hakika haukumkohoza mtu.