Nauli ya Kuvuka Maji Meusi

Mwaka wangu wa kwanza Pune nilikaa chumba kimoja na kijana wa Kihindi aliyebandika karatasi kubwa ukutani, juu ya kitanda chake. Ilikuwa na safu nne. Ya kwanza, majina ya vyuo vikuu vya Marekani. Ya pili, ada. Ya tatu, alama za mtihani wa Kiingereza zinazotakiwa. Ya nne, siku ya mwisho ya kutuma maombi. Kila usiku baada ya kula alisimama mbele ya karatasi ile na kalamu nyekundu, kama fundi anayekagua ukuta aliojenga mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimetoka Tanga nikiamini kwamba nimeshafika ng'ambo. Kumbe kwa mwenzangu safari ilikuwa haijaanza. Nikamwuliza, "Sasa wewe unaondoka, na mimi ndiyo kwanza nimekuja?" Akacheka. Akasema kila mtu ana ng'ambo yake.

Fedha zenyewe zilikuwa za mkopo. Alinieleza kwamba mwanafunzi akitaka zaidi ya laki saba na nusu, benki inadai mali ya kushika. Baba yake alikuwa amepeleka hati ya nyumba. Neno "laki" sikuhitaji kufafanuliwa. Laki, hundi, rupia, yote haya yalivuka bahari hadi pwani yetu pamoja na wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat, na sisi tukayafanya ya kwetu. Kwetu Muheza baba alikuwa ameuza kipande cha shamba la michungwa ili mimi nilale kwenye kitanda kile. Kwa hiyo tulielewana vizuri sana, ingawa hilo hatukulizungumza. Karatasi ya ukutani haikuwa na safu yake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwandishi wa habari, nilisoma kitabu ambacho Gandhi aliandika kuhusu maisha yake. Wengi hukifungua wakitafuta siasa. Mimi nilikwama kwenye kurasa za mwanzo, pale anapopanga kwenda kusoma, kwa sababu nilimwona mwenzangu wa chumba kila mstari.

Mwaka ni 1888. Mohandas ana miaka 18, ana mke na mtoto mchanga. Amejaribu chuo kule Bhavnagar, na baada ya muhula mmoja amerudi nyumbani, masomo yamemshinda. Anakuja mzee mmoja Mbrahmini, Mavji Dave, mshauri wa familia, na anapiga hesabu mbele ya wote. Shahada ya hapa itachukua miaka minne au mitano, na mwisho wake ni kazi ya rupia 60. Uwakili wa Uingereza ni miaka mitatu tu, gharama haizidi rupia elfu nne au tano. Kijana anauliza kama anaweza kusomea udaktari. Kaka yake anamkatalia: baba yao, ambaye sasa ni marehemu, hakupenda watu wa dini yao wapasue maiti. Basi, kozi imeshachaguliwa, na aliyeichagua si mwanafunzi.

Halafu inaanza kazi ya kutafuta fedha na ruhusa. Mohandas anasafiri kwa gari la ng'ombe, kisha anapanda ngamia kwa mara ya kwanza maishani ili awahi kufika Porbandar kumwona baba yake mdogo. Baba mdogo hasemi ndiyo wala hapana. Anakwenda kwa Mwingereza anayesimamia utawala wa Porbandar kuomba msaada, naye anamjibu akiwa anapanda ngazi: maliza kwanza shahada, ndipo uje. Kijana anawaza kuuza mapambo ya mkewe, Kasturba, yanayoweza kufikisha rupia elfu mbili au tatu. Mwishoni kaka yake anaahidi kwamba fedha zitapatikana, hata kama hajui zitatoka wapi.

Mama yake ana hofu nyingine. Ameambiwa vijana wakifika Uingereza wanapotea, wanakula nyama na kunywa pombe. Inabidi aitwe mtawa wa Kijaini, na mbele yake kijana anaapa kutogusa pombe, wanawake wala nyama. Hapo ndipo mama anatoa ruhusa.

Bado. Alipofika Bombay kungoja meli, wazee wa tabaka lake walimwita kwenye mkutano. Kwa Wahindu wengi wa wakati ule bahari kuu ilikuwa kala pani, maji meusi, na aliyeivuka alihesabiwa kuwa amejinajisi. Wazee walimkataza, akakataa. Wakamtenga, wakatangaza kwamba yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini atatozwa faini ya rupia moja na ana nne. Shemeji yake aliyekuwa ameshika fedha za safari akaogopa kuzitoa. Ikabidi rafiki wa familia akopeshe nauli. Tarehe 4 Septemba 1888 meli iling'oa nanga.

Ukizihesabu zile safu sasa, utaona ada, kozi na tarehe vyote vilikuwepo. Lakini kilichoamua safari kilikuwa mapambo ya mke, ahadi ya kaka, kiapo cha mama na woga wa shemeji.

Miaka mitano kabla yake alitangulia mwanamke, tena mwenye miaka 18 vilevile. Anandibai Joshi aliozwa akiwa na miaka tisa kwa Gopalrao, karani wa posta. Akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto aliyeishi siku kumi tu. Wazo la udaktari lilitoka hapo. Mumewe aliandika Marekani kuomba msaada. Wamisionari wakapendekeza wabadili dini kwanza, nao wakakataa. Barua ile ilichapishwa katika jarida, na mama mmoja wa New Jersey, Theodicia Carpenter, akaisoma akiwa anangoja zamu yake kwa daktari wa meno. Wakaanza kuandikiana. Hivi ndivyo Anandibai alivyopata mwenyeji, kwa meno ya mtu mwingine kuuma.

Kabla ya kuondoka mwaka 1883 alisimama hadharani katika chuo cha Serampore, karibu na Calcutta, akaeleza kwa nini anakwenda: wanawake wa nchi yake wanakufa kwa kukosa madaktari wanawake, na yeye atakwenda akiwa Mhindu na kurudi akiwa Mhindu. Hebu fikiria msichana huyo, mumewe akibaki nyuma, akijieleza mbele ya watu waliokuja kupima kama anastahili kuondoka. Machi 1886 alihitimu katika Chuo cha Udaktari cha Wanawake cha Pennsylvania. Kule kwenye baridi alikuwa ameshaanza kuugua kifua kikuu. Alirudi kwao akiwa ameshateuliwa kuongoza wodi ya wanawake katika hospitali ya Kolhapur, lakini kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Alifariki Pune tarehe 26 Februari 1887, kabla hajatimiza miaka 22. Majivu yake yalipelekwa kwa Mama Carpenter, yakazikwa katika makaburi ya familia hiyo huko Poughkeepsie, New York.

Nilisoma mji aliofia mara mbili. Pune ileile. Nimepita mitaa yake miaka mitatu nikitafuta vitabu vya mitumba na chai, wala sikujua.

Na ni Pune hiyohiyo Cornelia Sorabji aliposoma, katika Chuo cha Deccan, akafaulu kwa kiwango ambacho kwa kawaida kilimpa mtu ufadhili wa serikali wa kwenda Uingereza. Akanyimwa kwa kuwa ni mwanamke. Marafiki wa Kiingereza wakachanga, na mwaka 1889 akaingia Oxford, mwanamke wa kwanza kusoma sheria pale. Yaani hata mwenye alama zote kwenye karatasi alihitaji mchango wa watu.

Wa nne ni B. R. Ambedkar, na hesabu yake ndiyo kali kuliko zote. Alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar, waliohesabiwa kuwa watu wasioguswa. Yeye hakuwa na mapambo ya kuuza wala nyumba ya kuweka rehani. Mwaka 1913 mtawala wa Baroda, Sayajirao Gaekwad, alimpa ufadhili wa pauni 11 na nusu kwa mwezi kwa miaka mitatu, aende Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kabla ya kuondoka alitia sahihi mkataba: akirudi, ataitumikia Baroda miaka kumi.

Alisoma kama mtu anayefukuzwa. Kutoka New York akaenda London mwaka 1916, lakini muda wa ufadhili ulikwisha, akalazimika kurudi mwaka uliofuata. Ilikuwa wakati wa vita. Vitabu vyake alivitanguliza kwa meli nyingine, na meli hiyo ikazamishwa. Alifika Baroda kulipa deni lake kwa kazi. Nyumba ya kupanga hakuipata, maana hakuna aliyetaka kumpokea mtu wa jamii yake. Akajiingiza katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina la Kiparsi. Siku ya kumi na moja wakaja wanaume kama kumi na mbili, wana fimbo mkononi, wakamtaka atoke. Alikaa saa kadhaa katika bustani ya mji akiwaza aende wapi, kisha usiku akapanda treni kurudi Bombay. Miaka mingi baadaye aliyaandika mambo haya katika kijitabu alichokiita Waiting for a Visa, kungojea viza. Nchi aliyokuwa akingoja imruhusu kuingia ilikuwa yake mwenyewe. London alirudi mwaka 1920, safari hii kwa akiba yake, mkopo wa rafiki na msaada wa mtawala wa Kolhapur, akamaliza alichoanza. Mkewe, Ramabai, alibaki Bombay akiendesha nyumba kwa kidogo kilichokuwepo.

Kuna ukurasa mmoja wa Gandhi ambao nilipoufikia nilikifunga kitabu. Mwaka 1891 anashuka Bombay, wakili kamili, ana hamu ya kumwona mama yake. Kaka yake aliyekuja kumpokea ndiye anayemwambia kwamba mama alishafariki. Familia ilikuwa na habari muda wote. Walimficha ili asipate pigo akiwa peke yake ugenini.

Bibi yangu alifariki nikiwa kwenye mitihani ya mwaka wa pili. Niliambiwa baada ya wiki tatu. Baba alisema kwenye simu, "Tulikuombea umalize kwanza, mwanangu." Nilikasirika kwa miaka. Niliona wameniibia msiba wangu. Niliposoma ule ukurasa ndipo nikafikiria upande wa pili: baba alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kwa wiki hizo tatu, akiniuliza kuhusu chakula na mvua za Pune, na bibi ameshazikwa. Nayo ilikuwa nauli. Shamba liliuzwa siku moja tu, lakini zile Jumapili zilikuwa tatu.

Uwakili wa Gandhi haukulipa mara moja. Katika kesi yake ya kwanza Bombay alisimama akashindwa kusema neno. Kaka yake alikuwa amewekeza kila kitu kwake. Ndipo ikaja kazi ya mwaka mmoja Afrika Kusini, pauni 105 na nauli, na Aprili 1893 akapanda meli tena. Ilitia nanga Lamu, ambako nusura imwache kwa sababu ya mkondo mkali wa bandari, ikaenda Mombasa, kisha Unguja. Sisi watu wa pwani hupenda kusimulia kwamba Gandhi alipita kwetu. Alipita akiwa kijana msomi mwenye deni la nyumbani, kama wengi tunaokutana nao viwanja vya ndege.

Mwenzangu wa chumba alipata Texas. Usiku wa mwisho alibandua karatasi yake ukutani, akaikunja, akanipa kalamu nyekundu. Mwaka jana alinitumia picha kwenye simu. Nilidhani ni ya gari jipya au mtoto. Ilikuwa picha ya baba yake ameketi barazani, ameshika bahasha ya benki kwa mikono miwili. Chini yake ameandika kwamba hati ya nyumba imerudi.

Nikampigia baba. Nikamwuliza lile shamba la Muheza lilikuwa na michungwa mingapi. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu.