Shilingi 25,600: historia fupi ya mbinu za kubeti

Wiki jana, saa kumi na moja alfajiri, binamu yangu wa Bungoma alinipigia simu. "Kaka, nikopeshe elfu ishirini na tano mia sita. Nakurudishia kesho." Nilikuwa bado kitandani hapa Kitale, lakini ile namba ilinitoa usingizi. Mbona si elfu ishirini na tano kamili? Sisi waandika programu tunazijua namba za aina hii: 256 ni 2 kwa kipeo cha 8. Nikamuuliza, "Umepoteza mara nane mfululizo?" Akanyamaza.

Ngoja nieleze. Binamu ni mtu wa boda boda pale Kanduyi, na alikuwa akiweka akiba ya kununua pikipiki yake mwenyewe. Rafiki akamfundisha "mbinu": beti hoki ya barafu ya NHL, zaidi ya mabao 6.5, odi 1.91. Anza na shilingi mia. Ukipoteza, ongeza dau mara mbili: 200, 400, 800... Siku utakayoshinda utarudisha zote na faida juu. Mechi za jioni kule New York huanza saa tisa usiku kwetu wakati wa baridi yao, saa ambayo stejini hakuna abiria. Hasara nane zikala 25,500, yaani akiba yote.

Rafiki alisema mbinu hiyo ni mpya. Jamani! Inaitwa martingale, na ilikuwa ikichezwa Ulaya katika karne ya 18. Casanova ameandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyoitumia Venice: kwanza akashinda siku baada ya siku, baadaye ikamfilisi. Karibu miaka mia moja kabla ya siku zake za kamari, mwaka 1654, Pascal na Fermat walikuwa wameshaandikiana barua kuhusu mchezo wa kamari uliokatizwa katikati, na humo ndimo hesabu ya uwezekano ilipoanzia kukua. Kwa hiyo hesabu ilikuwapo. Wachezaji hawakuiuliza.

Na hesabu yenyewe ni hii. Tuseme kila mechi ni kama kurusha sarafu. Kupoteza nane mfululizo hutokea, kwa wastani, baada ya mirusho 510. Msimu wa NHL wa 2023-24 ulikuwa na mechi 1,312, bila kuhesabu mchujo wa mwisho. Kwa hiyo si balaa la ajabu, ni ratiba.

Kuna jambo baya zaidi. Odi ni 1.91, si 2.00. Hasara nne za kwanza ni shilingi 1,500. Ukiweka 1,600 ukashinda, faida ni 1,456. Umeshinda, na bado unadaiwa 44! Kama ningemkopesha zile 25,600 na akashinda, angepata faida ya 23,296 na kubaki na hasara ya 2,204. Nilimsomea hesabu hiyo kwa simu. Akasema, "Rudia."

Sasa, mbinu ya Venice ilifikaje Kanduyi? Kenya ilikuwa na sheria ya kamari tangu 1966, lakini kubeti kulihitaji uende mahali na pesa mkononi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na SportPesa ikaingia sokoni 2014. Kuanzia hapo ukumbi wa kamari ukahamia mfukoni. Vijana wakajifunza multibeti: unganisha mechi kumi, mia igeuke maelfu. Lakini kama kila mechi ina odi 1.91 na nafasi nusu kwa nusu, mia yako moja ina thamani ya 95.50 mara tu unapoiweka. Unganisha kumi, inabaki kama 63. Hesabu ya kampuni nayo huzidishwa.

Ikaja jackpoti ya mechi 17. Mei 2017 Samuel Abisai alishinda zaidi ya shilingi milioni 221, na kila kijiwe kikawa na profesa wa jackpoti. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja ni tiketi 129,140,163 tofauti. Tulimwona aliyeshinda. Wengine hawapigwi picha.

Machi 2020 corona ikasimamisha ligi karibu zote. Belarus ikaendelea kucheza, na Wakenya wakabeti Belarus. Nadhani hapo ndipo wengi walipozoea kubeti timu wasizozijua.

Je, hakuna mbinu ya kweli? Ipo, ila ni kazi. Poisson alichapisha hesabu yake ya matukio ya nadra mwaka 1837, Maher akaitumia kwa mabao ya soka mwaka 1982, na Dixon na Coles wakaiboresha mwaka 1997. Nimewahi kuijaribu kwa hoki. Inakubali kiasi, kisha inagonga ukuta: timu iliyo nyuma kwa bao moja humtoa kipa dakika za mwisho na kuongeza mshambuliaji, na mabao hayo hayafuati mwendo wa dakika nyingine. Pia mechi nyingi huingia muda wa nyongeza, na ukibeti 1X2 ya dakika 60, timu yako ikishinda katika nyongeza wewe umepoteza. Wanaopanga odi wanayajua haya yote, pamoja na kipa gani anapumzishwa usiku wa leo.

Mwaka 1956 John Kelly wa Bell Labs alitoa kanuni ya ukubwa wa dau: weka kulingana na ubora wa makadirio yako dhidi ya odi. Kama huna ubora wowote, jibu lake ni sifuri. Katika miaka mia tatu ya mbinu, ni hiyo tu ningempa binamu, na tayari ndivyo alivyo: sifuri mfukoni.

Sikumkopesha. Jumamosi nilipanda matatu hadi Bungoma, tukakaa na karatasi na kalamu, tukaanza upya hesabu ya pikipiki: mia mbili kwa siku, siku 128. Ni 25,600 ile ile.

Haya, wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata.