Shule ya umma yenye mfadhili (Kenya)

Shule ya umma yenye mfadhili ni shule ya serikali ambayo kanisa au jumuiya nyingine ya dini imebakishiwa sauti katika uendeshaji wake. Nyingi zilianza kama shule za misheni. Sheria ya Elimu ya 1968 ilizitia mikononi mwa serikali, na makanisa yaliyokuwa wenyewe yakageuka wafadhili. Jina hilo huchanganya watu, kwani katika mazungumzo ya kila siku mfadhili ni mtoa fedha, na anayetoa fedha huonekana ndiye mwenye mali. Lakini mishahara ya walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu hulipwa na tume hiyo, na tangu 2008 serikali huitolea sekondari ya kutwa ruzuku kwa kila mwanafunzi: shilingi 10,265 kwa mwaka mwanzoni, 22,244 kufikia 2018. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humpa mfadhili wajumbe watatu katika Bodi ya Usimamizi, huku wazazi au jamii ya mahali wakipata sita. Kifungu cha 27 humruhusu kusimamia malezi ya kiroho, hata kuleta kasisi kwa gharama yake, mradi imani za wengine zilindwe. Hayo ni mamlaka ya mshirika, si ya mwenye mali.

Mpaka huo ulipimwa Isiolo, katika sekondari ya kutwa ya St Paul's Kiwanjani, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 lilitolewa ombi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa likaenda mahakamani, likashinda Mahakama Kuu mwaka 2015, likashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2016. Hoja yake si ya kupuuzwa: sare huwaweka watoto wote katika daraja moja, na aliyeijenga shule ana haki ya kutunza desturi yake. Hata hivyo, usawa hauvunjwi na kitambaa cha kichwani. Huvunjwa pale msichana mmoja anapoulizwa achague kati ya dini na darasa huku mwenzake haulizwi lolote. Wapo wanaosema asiyeridhika ahame. Ushauri huo huenda ukafaa shule ya bweni, inayokusanya wanafunzi kutoka mbali. Shule ya kutwa huenda mtoto wa jirani, kwa miguu, asubuhi na jioni, na akiikosa hiyo huenda asipate nyingine iliyo karibu na kwao. Mchango wa kanisa ni wa kushukuriwa kwa dhati, lakini shukrani haizai hatimiliki juu ya dhamiri za watoto.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya Rufani kwa sababu ya namna dai la kuruhusu hijabu lilivyowasilishwa, bila kuamua kiini chake. Bodi za shule zisingoje kesi nyingine: sharti la kifungu cha 27 linatosha kuwa msingi wa kanuni za sare.