Ramani ya Mlima Tuliouona Kila Asubuhi

Sisi tuliolala bweni la juu tulidhani tunaujua Kilimanjaro, kwa kuwa tuliuona kila asubuhi tukienda kuoga. Mimi niliujua baadaye sana, kazini, siku niliyofunguliwa mezani nakala ya ramani ya Fritz Klute.

Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo mwezi wa Mei, 1848, na bingwa mmoja wa jiografia aliyekaa London akamkatalia katakata. Bwana yule alichora Afrika kwa kusoma vitabu na kuhoji wasafiri. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889.

Klute alikuja mwaka 1912 pamoja na Eduard Oehler, na hao wawili ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza kupanda Mawenzi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa upimaji kwa picha. Kwanza hupimwa mstari mfupi, kisha mteremko uleule hupigwa picha kutoka ncha zake zote mbili. Picha hizo zikitazamwa pamoja katika chombo chake, mlima huinuka mbele ya macho, na mchoraji huweza kuufuata mwinuko mmoja korongo hata korongo. Ndivyo kontua zilivyopatikana. Sasa fikirini: kamera, vioo vya picha, mahema na chakula, vyote vilipanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mito ya barafu ina majina ya Rebmann, Decken, Kersten, Heim na Penck. Hakuna hata mmoja wenye jina la mpagazi. Jambo hili hunikera mpaka leo.

Ramani hiyo, ya skeli ya 1:50,000, ilitolewa mwaka 1920, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuipoteza nchi yenyewe. Kilele walichokiita kwa jina la Kaisari wao kikawa Uhuru mwaka 1961. Hata hivyo kazi ya Klute haikuchakaa. Kwayo wataalamu walipata kujua kwamba barafu ya mwaka 1912 ilienea kilometa za mraba zipatazo 12. Mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Bila kontua zile tungebaki na masimulizi ya wazee tu.

Katika mkutano wetu uliopita nilikuja na nakala. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa kiranja wetu, aliweka kidole juu ya upande wa kusini, akaniuliza, "Bwana, huku kote kulikuwa barafu?" Tukatoka nje kutazama. Kibo kilikuwa kimefunikwa na mawingu.