Tairi Lenye Upepo Kidogo

Dereva aliyewahi kukwama kwenye mchanga anaijua dawa yake: punguza upepo wa matairi. Tairi likilegea hutanda, uzito ukasambaa, na gari lililokuwa likijichimbia likaanza kupita. Siri hiyohiyo ndiyo iliyozaa pikipiki pana zinazokatiza theluji katika misitu ya Marekani na Kanada.

Kilianza kilio cha biashara. Miaka ya 1960, waliouza pikipiki za Honda nchini Marekani walifanya kazi nzuri kiangazi, lakini baridi ikiingia wateja walitoweka. Wakaomba chombo cha kuuza wakati theluji imetanda. Kazi akapewa mhandisi Mjapani, Osamu Takeuchi. Yeye na wenzake walijaribu magurudumu mawili, matatu, manne, matano, hata sita. Matatu ndiyo yaliyofaa zaidi kwenye theluji na matope kwa nguvu ndogo ya injini waliyokuwa nayo.

Kilichowasumbua ni matairi, maana lile la pikipiki ya kawaida huipasua theluji na kuzama. Ufumbuzi ulitoka Marekani, kwenye Amphicat, kigari cha magurudumu sita kinachopita nchi kavu na majini. Matairi yake yalikuwa manene na laini kama puto. Takeuchi aliyafunga kwenye chombo chake cha majaribio, kisha Honda ikatengeneza ya kwake, ya inchi 22.

Mwaka 1970 chombo kikaingia sokoni kwa dola 595, kikiitwa US90 na baadaye ATC90. Kilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 89 na nguvu za farasi saba. Hakikuwa na springi wala shokomzoba. Matairi yenyewe ndiyo yaliyomeza mashimo.

Lakini ulaini huo ulificha hatari. Magurudumu ya nyuma yalifungwa kwenye ekseli moja na kuzunguka sawasawa, hivyo kukata kona kulihitaji mwendeshaji auhamishe mwili wake kwa ustadi. Aliyezoea pikipiki alitua mguu chini, na gurudumu la nyuma likaukanyaga. Wengi waliumia, wengine wakafa, watoto wakiwamo. Watoto hawakupaswa kupandishwa juu ya mashine ambayo watu wazima wenyewe walikuwa hawajajifunza kuikalia. Suzuki ilikuwa imeshatoa yake ya magurudumu manne, QuadRunner LT125, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini hadi 1988 ndipo watengenezaji walipokubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mashine mpya za magurudumu matatu. Walichelewa mno.

Siku hizi baridi yenyewe haitabiriki. Msimu wa 2023–2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa katika majimbo 48 ya Marekani bara. Vyombo vya theluji vyenye skii na mkanda wa mpira vinataabika, kwani vingi hutegemea theluji inayorushwa na mkanda kupoza injini. Ikikosekana, injini huchemka. Mashine ya magurudumu manne huendelea, asubuhi juu ya barafu, adhuhuri kwenye tope.

Ila baridi hupunguza upepo, na tairi hizi zina upepo mdogo tangu mwanzo. Kabla ya safari mwendeshaji huinama akapima kila tairi kwa geji maalumu, kwa sababu geji ya kawaida ya gereji haisomi namba ndogo kiasi hicho.